Kukonda na Kupungua

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo ambalo mizani hulihesabu kuwa moja. Mtu aliyetokwa na mwili kwa maradhi, kwa njaa au kwa majonzi husemwa kuwa amekonda. Mtu aliyeutoa mwili kwa hiari yake husemwa kuwa amepungua. Mizani haina habari ya tofauti hiyo. Hutaja kilo, ikanyamaza. Lakini jirani hakai na mizani mlangoni pake. Hana ila macho, na macho huamua kwa kufuata mambo yaliyokwisha kuyaona. Ndiyo sababu kilo 30 zilizotoka katika mwili wa mtu hazina maana moja katika kila nchi. Katika mji mkubwa huenda zikaleta pongezi. Katika Kiruruma huleta salamu ndefu kuliko kawaida, na swali linalozungukazunguka bila kutua.

Kiruruma ni nchi ya migomba na kahawa katika Karagwe, magharibi ya Mkoa wa Kagera, ambako mipaka ya Rwanda na Uganda haiko mbali. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe, ilifanywa wilaya peke yake mwaka 2012. Lakini vilima, migomba na lugha ya Kinyambo havikugawanyika kwa amri hiyo. Mgeni hapa hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, kisha huandaliwa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Anayekula akashiba huwaheshimu wenyeji wake. Anayeonja akaweka huwaachia mashaka: je, chakula kina kasoro, au moyo wa mgeni una kasoro? Mahali penye adabu ya namna hii, mwili wa mtu ni habari ya watu wote. Unene husema kuwa nyumba ina shamba, na shamba lina watu wa kulilima. Wembamba huulizwa sababu.

Heshima ya mwili mkubwa katika nchi hii ina umri mrefu. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Rumanyika, Mfalme wa Karagwe, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke alieleza kwamba wake wa jamaa ya mfalme walinenepeshwa kwa maziwa hata baadhi yao wasiweze kusimama wima. Mmoja wao, shemeji yake mfalme, alikubali kupimwa. Speke aliandika vipimo vyake kwa futi na inchi. Kwa hesabu ya leo mzunguko wa mkono wake ulikuwa sentimita 58, kifua sentimita 132, paja sentimita 79, na urefu wake sentimita 173. Binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16, alikuwa ameketi karibu akinyonya maziwa katika chombo, na baba yake alikuwa amesimama na fimbo mkononi ili asiache.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha msafiri. Hata hivyo ina jambo la kutafakari kuliko la kuchekwa. Maziwa yale yalitoka katika ng'ombe wengi, na ng'ombe wengi walikuwa mali ya wachache. Mwanamke asiyeweza kusimama alikuwa ushahidi kwamba wako wengine waliosimama kwa ajili yake: waliokamua, waliochota maji, waliolima migomba. Wake wa wakulima hawakunenepa hivyo, kwani jembe halimruhusu mtu kulala. Basi unene wa Bweranyange ulikuwa hazina iliyowekwa katika mwili wa mtu, na mwenye mwili hakuwa mwenye hazina. Baba alishika fimbo. Mgeni alishika kipimo. Fikira za msichana mwenyewe hazikuandikwa.

Ikiwa karne ya kumi na tisa iliwafundisha watu wa Karagwe kuustahi unene, karne ya ishirini iliwafundisha kuuogopa wembamba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Kabla jina la kitaalamu halijazoeleka, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa kwa magendo mpakani. Ng'ambo ya pili, katika Uganda, uliitwa Siliimu, jina lililotoholewa katika neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Majina yale yalikuwa na akili ya kuogofya. Yalitaja kile kilichoonekana: mtu mwenye afya aliingia katika nguo zake kama mgeni, na nguo zikawa kubwa kila mwezi. Katika miaka ile yako mashamba yaliyobaki na migomba isiyopaliwa, na nyumba ambamo bibi alilea wajukuu bila baba wala mama yao. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo, watu wengi wameishi na kunawiri. Dawa imeutuliza ugonjwa. Hapana dawa iliyotolewa kwa macho ya waliouona.

Sasa wakati mwingine umeingia. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 36. Sababu zake si za siri. Njia iliyokuwa ya miguu imekuwa ya pikipiki. Chai imezidi sukari, mboga zimezidi mafuta, na soda imekuwa kinywaji cha heshima kwa mgeni. Pamoja na uzito yamekuja maradhi yanayoufuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, na magoti yanayolia katika kila mteremko. Na Karagwe ni nchi ya miteremko.

Miongoni mwa tiba za wakati huu iko moja ambayo madaktari wa ng'ambo waliipa jina la mkono wa nguo. Sehemu iliyo kubwa ya mfuko wa tumbo, karibu asilimia 75 hadi 80, hukatwa na kuondolewa kabisa. Sehemu inayobaki hushonwa kwa pini ndogo za madini, ikawa nyembamba na ndefu kama mkono wa kanzu. Madaktari wengine huilinganisha na ndizi, na ulinganifu huo mtu wa Kiruruma huuelewa bila picha: aliingia chumba cha upasuaji na kibuyu, akatoka na ndizi moja. Upasuaji huu ulianza kama hatua ya kwanza ya upasuaji mwingine mkubwa zaidi. Madaktari walipoona kwamba baadhi ya wagonjwa walipungua vya kutosha kwa hatua ile peke yake, waliifanya kuwa tiba kamili katika miaka ya 2000. Kazi yake ni ya namna mbili. Kwanza, tumbo halina tena nafasi. Pili, sehemu inayoondolewa ndiyo hasa inayotengeneza gerelini, homoni inayopeleka habari ya njaa katika ubongo. Basi mjumbe wa njaa hupungukiwa na sauti.

Tiba hii haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuvaa nguo ya arusi. Huamuliwa kwa hesabu: kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa miongozo iliyotolewa na vyama vya madaktari wa upasuaji huo mwaka 2022, anayefikia 35 huweza kufikiriwa, na mwenye kisukari huweza kufikiriwa akiwa na 30. Wala haikosi hatari. Mshono huweza kuvuja, damu huweza kutoka, na kiungulia huweza kuwa mwenzi wa maisha. Katika Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila ilianza katika miaka ya 2020 kuwawekea watu puto tumboni ili washibe upesi. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na tumbo likabaki kama lilivyokuwa. Lililokatwa halirudi. Kwa hiyo mtu anayechagua kisu amechagua jambo ambalo hawezi kulijutia nusu.

Mwanamke mmoja wa Kiruruma, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 43, alilichagua. Uzito wake ulikuwa kilo 121. Alikuwa na kisukari, na baba yake alikuwa amekufa kwa kiharusi akiwa mtu mnene, mwenye kusifiwa kwa unene wake hata siku ya maziko. Alisafiri kwenda Dar es Salaam kwa basi, na nyumbani aliaga kuwa anakwenda kutibiwa tumbo. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa kweli yote.

Wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji alikunywa tu: maji kwa kijiko, supu iliyochujwa, maziwa. Maziwa yaleyale yaliyowanenepesha wanawake wa Bweranyange yalikuwa sasa chakula cha mtu anayepungua, kwa sababu mwili unaokula kidogo huila nyama yake wenyewe usipopewa protini, na daktari alimwamuru apate angalau gramu 60 kila siku. Baadaye zilifuata siku za maharage yaliyopondwa na mayai laini, kisha samaki. Na msimu ulipofika, senene, ambao Kagera huwasifu kwa utamu na ambao tabibu angaliweza kuwasifu kwa protini. Ndizi, chakula alichokula tangu kuota meno, zilikuja mwisho wa sahani, vipande viwili au vitatu. Alijifunza kutokunywa maji pamoja na chakula, bali kungoja nusu saa. Alijifunza kutafuna mpaka wenzake wamalize. Mara moja alikula upesi kama zamani, akashikwa na maumivu ya kifua hata akadhani mshono umefunguka. Kibaba kilikuwa kimebadilika, na mazoea ya mkono hayakuwa yamepata habari.

Miezi mitatu ya kwanza uzito ulishuka kama mtu anayeteremka mlima kwa kukimbia. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa kichana, jambo linalowapata wengi wanaopungua haraka, nazo huota tena baadaye. Alisikia baridi hata mchana. Ngozi ya mikono ililegea kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Katika upande wa pili wa hesabu, daktari alimpunguzia vidonge vya kisukari, kisha akamsimamishia kimoja kabisa. Na siku moja alipanda kilima cha shule bila kutua njiani, akafika darasani kabla ya wanafunzi, akakaa akilia peke yake kwa furaha. Mwezi wa kumi na nne alikuwa na kilo 84.

Alikuwa akiishi na mama yake, kikongwe aliyezika watoto wawili wa kiume, mmoja mwaka 1991 na mwingine mwaka 1994. Kikongwe huyo hakujua kusoma, lakini alijua kusoma wembamba. Alijua taratibu zake: mashavu hutangulia, kisha mifupa ya mabega huchomoza, kisha nguo hushikizwa kwa pini. Alipoona pini katika gauni la binti yake hakusema neno. Alizidisha maziwa. Alizidisha ndizi. Sahani iliporudi na chakula, aliitazama kama mtu anayesoma barua. Majirani walikuja kusalimu, wakasema kuwa mwalimu amepungua kidogo. Walipofika njiani walitumia lile neno jingine.

Jioni moja kikongwe alifunga mlango, akaketi karibu na binti yake.

“Mwanangu,” alisema, “nimeviona vidonge.”

“Vidonge gani, mama?”

“Vya kabatini. Unameza kila siku asubuhi. Usinifiche. Siku hizi watu hawafi nao. Wewe meza tu, mimi sitamwambia mtu.”

Vidonge vile vilikuwa vya vitamini, madini ya chuma na chokaa, ambavyo mtu aliyekatwa tumbo huhitaji kwa maisha yake yote, kwa kuwa tumbo dogo haliwezi kuvikusanya vya kutosha katika chakula. Binti alieleza. Alieleza upasuaji, pini za madini na asilimia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kile kipande kiliwekwa wapi. Kisha akasema, “Kaka zako waliutafuta mwili wasiupate. Wewe ulikuwa nao, ukaupeleka Dar es Salaam ukauacha.”

“Mama, na baba je? Baba alikufa akiwa nao.”

Kikongwe hakujibu siku ile. Hapana hakimu ambaye angaliweza kuwahukumia. Binti alikuwa amekimbia kifo alichokiona, na mama alikuwa amekiona kifo kingine, na vifo hivyo viwili huwinda katika njia zinazopingana. Mmoja huwanyemelea walionenepa, mwingine uliwahi kuwanyemelea waliokonda. Na nyumba moja ilikuwa imetoa kafara kwa vyote viwili. Siri aliyoificha binti kwa kuona haya ilikuwa imemtesa mama zaidi kuliko kweli yenyewe ambavyo ingalimtesa. Kwa mwaka mzima kikongwe alikuwa amelia matanga ya mtu aliyekuwa akipona.

Katika mwaka wa pili jambo jingine lilitokea, ambalo wengi wanaofanyiwa upasuaji huu hulipata na wachache hulitangaza. Uzito ulisimama, kisha ukarudi kidogo: kilo 84 zikawa 86, kisha 89. Wataalamu hawashangai. Nchini Ufini wagonjwa 240 waligawanywa kati ya upasuaji huu na upasuaji wa kulipitisha chakula kando ya tumbo. Matokeo ya miaka kumi yalitangazwa mwaka 2022, na yalionyesha kuwa waliofanyiwa huu wa mkono wa nguo walikuwa wamebaki bila asilimia 43 hivi ya uzito uliokuwa wa ziada. Ni faida kubwa, nayo si faida yote iliyoonekana katika miaka ya mwanzo. Tumbo hutanuka kidogo. Mwili uliopungua hutumia nguvu chache kuliko zamani, kama mwenye duka aliyepata hasara anayebana matumizi. Aidha vyakula laini na vitamu hupita bila kizuizi: chai ya sukari, uji, soda. Hata rubisi, ambayo humlevya mtu wa tumbo dogo upesi kuliko zamani, hupita. Kisu hukata tumbo. Mazoea hayakatwi kwa kisu.

Binti alizitazama kilo 5 kwa hofu, akarudi kuandika kila alichokula katika daftari la shule. Mama alizitazama kwa macho yake, akamshukuru Mungu. “Umeanza kurudi,” alimwambia, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo haikuonekana tangu safari ya Dar es Salaam. Binti angaliweza kumkanusha kwa hesabu za daktari. Alipokea shukrani ile, akanyamaza, na kesho yake akatembea kwenda sokoni na kurudi kwa miguu. Yamkini hiyo ndiyo siku aliyopona: si kwa kuwa uzito ulikuwa mzuri, bali kwa kuwa aliweza kulinda afya yake bila kuivunja furaha ya mama yake.

Naye kikongwe alikuwa na kujifunza kwake. Alitafuta kikombe kidogo, kile cha kahawa, akakifanya kipimo cha maziwa ya binti yake. Asubuhi na jioni hukijaza, husimama mpaka kikinywewa, kisha hukichukua. Mtu aliyesoma habari za Bweranyange huweza kuona katika jambo hili picha ya zamani iliyopinduliwa: mzazi amesimama, mtoto anakunywa maziwa. Lakini fimbo haipo, na kiasi kimeamuliwa na anayekunywa.

Watu huuliza kama upasuaji wa namna hii ni wema au ubaya kwa nchi kama Karagwe. Swali hilo ni pana kupita kiasi. Kwa mtu aliyeelemewa na uzito na kisukari, huenda ukawa wokovu. Kwa anayetafuta umbo tu, ni hatari isiyo na lazima. Kwa maskini, ni tiba iliyo mbali kuliko Dar es Salaam. Hata hivyo kazi moja ipo ambayo haihitaji fedha wala daktari, nayo ni ya majirani. Salamu inayoanza na mwili wa mtu, ikiwa ni ya kumsifu kwa kunenepa au ya kumhurumia kwa kukonda, humlazimisha kujibu shitaka ambalo hakulisoma. Yako mambo mengine ya kuulizana: mvua, kahawa, watoto, usingizi. Mtu aliyeulizwa usingizi wake huweza kusema kweli kwa kadiri apendavyo. Na akitaka kuutaja mwili wake, atachagua mwenyewe, kati ya yale maneno mawili, neno lililo lake.